Shilingi za Reli

Wanaokuja kuniuliza habari za ujenzi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, huwa wanataka mambo mawili: simba wa Selous na mahandaki ya Mpanga. Vijana wa vyuo wanafika hapa Makambako na simu zao za kurekodia, wanakaa barazani, na kabla chai haijamiminwa wanauliza walikufa wangapi. Mahandaki na vifo nitavigusa, maana vilikuwapo. Lakini mimi sikuchimba handaki wala sikubeba taruma. Kazi yangu ilikuwa kulipa watu mishahara, na kama kuna jambo nililosubiri mtu aniulize kwa zaidi ya nusu karne, ni hili: zile shilingi zilitoka wapi?

Nchi ilikuwa na miaka kumi tangu ipate uhuru, na mfuko wake ulijulikana. Mkopo wa Wachina ulikuwa yuan milioni 988, bila riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Sasa nenda na yuan sokoni Ifakara uone kama utapata hata kiberiti. Hata hivyo kila mwisho wa mwezi vibarua wa Kitanzania walijipanga mbele ya meza yangu wakapokea noti za Benki Kuu yetu wenyewe, taslimu, bila kucheleweshwa. Wakati kazi ilipopamba moto, Watanzania na Wazambia waliokuwa kwenye reli nzima walizidi 30,000, na Wachina walizidi 13,000. Fedha za kuwalipa watu wote hao haziokotwi porini.

Yaliyotangulia yameandikwa sana, nitayapitia haraka. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia ikajikuta shingoni mwake kuna kamba. Shaba yake yote ilipita kwa mahasimu: Rhodesia yenyewe, Msumbiji ya Mreno, Angola ya Mreno. Mzee Kaunda alihitaji njia ya kwenda bandari ya watu huru, na bandari hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Benki ya Dunia ilikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa, afadhali barabara. Waingereza na Wakanada wakafanya uchunguzi wao, wakaona mwaka 1966 kwamba inaweza kulipa, lakini kuona ni jambo moja na kutoa fedha ni jingine. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwenda Beijing Februari 1965. Juni mwaka huohuo Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Mkataba wa nchi tatu ukasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Tarehe 26 Oktoba 1970 Mwalimu na Kaunda wakaweka jiwe la msingi Dar es Salaam.

Mwalimu alikuwa na maneno yake kuhusu wakubwa wa Magharibi waliomnunia. Alisema fedha zote za dunia hii ama ni nyekundu ama ni buluu, na yeye hana za kijani za kwake. Anachotaka ni reli. Huwa nacheka nikiyakumbuka. Noti yetu ya shilingi 20 wakati ule ilikuwa ya buluu, ya 100 ilikuwa nyekundu, na ile niliyoigawa kwa wingi kuliko zote, ya shilingi 10, ilikuwa ya kijani.

Niliajiriwa katikati ya mwaka 1971. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Malangali, hesabu zangu zilikuwa nzuri na mwandiko wangu ulisomeka, na siku hizo hayo mawili yalitosha kumfanya kijana karani. Tangazo lilibandikwa bomani Njombe. Tuliochaguliwa tulipakiwa kwenye lori pamoja na vijana waliotoka Jeshi la Kujenga Taifa, tukapelekwa Mlimba. Mtu akitazama ramani ataona Njombe na Mlimba ni majirani, mmoja yuko juu ya ukingo wa nyanda za juu na mwingine chini yake bondeni. Lakini njia ya kushuka moja kwa moja haikuwapo. Tulizunguka Iringa, Mikumi, Kidatu, Ifakara, na kutoka Ifakara lori lilikuwa linasukumwa zaidi ya kuendeshwa. Udongo wa Kilombero ni mweusi, na ukishika tairi hauliachii.

Mlimba ilikuwa kambi kubwa. Reli ilikuwa bado haijafika. Ilifika Novemba ile, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam, na watu wakaimba hadi usiku. Lakini Wachina walikuwa wametangulia kabla ya chuma, wamejenga mabweni, karakana, zahanati na jikoni. Nyuma ya mabweni yao walilima bustani. Mtu aliyekuwa amepasua mwamba usiku kucha, asubuhi unamkuta amechuchumaa anamwagilia kabichi kwa kopo. Wandamba waliozoea kulima mpunga kwa mvua ya Mungu walisimama kando ya bustani hiyo wakitazama, na baada ya miezi michache nao wakawa wanauza bilinganya.

Meza ya mishahara iliwekwa chini ya mwembe, nje ya ofisi ya mabati, kwa sababu ndani joto lilikuwa la kupikia. Sanduku la fedha lilikuja na askari wawili wenye bunduki. Kila kibarua alikuwa na kipande chake, kadi iliyoandikwa siku alizofanya kazi, na mnyapara wa kikundi alisimama pembeni kuthibitisha kwamba huyu ndiye huyu. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Wino ule wa zambarau haukutoka kwa sabuni. Ukimwona mtu wa Mlimba sokoni Ifakara na kidole cha zambarau, umejua mfukoni ana kitu.

Upande wa pili wa meza alikaa mhasibu wa Kichina. Jina lake tulilitamka vibaya, kwa hiyo vibarua walimwita Bwana Shanga, kwa sababu ya kile kifaa chake cha kuhesabia: fremu ya mbao yenye vijiti, na kila kijiti kina shanga. Mimi nilijumlisha kwa penseli katika daftari. Yeye vidole vyake vilipita juu ya zile shanga kwa mlio kama mvua inayoanza kunyesha kwenye bati, halafu kimya, halafu ananigeuzia fremu nione. Nilikuwa bado nimebeba moja yangu kichwani. Jumla zetu zikilingana alitikisa kichwa mara moja na kufunga kitabu. Zikipishana, hata kwa senti 50, hakuna aliyeondoka mezani. Tulirudia orodha yote, jina kwa jina, karabai imewashwa na wadudu wanaangukia kwenye wino. Alikuwa na umri wa baba yangu, na sikuwahi kumsikia akipandisha sauti.

Ndiye niliyemuuliza. Tulikuwa na mkalimani, kijana aliyejifunza Kiswahili Beijing, Kiswahili safi cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Nilimwomba aniulizie kwa Mzee: hizi shilingi zinatoka China? Bwana Shanga alicheka, nadhani mara ya kwanza nimwone akicheka, akachukua fomu ya mshahara iliyoharibika, akachora nyuma yake. Alichora meli. Kisha duka. Kisha jengo lenye nguzo, yaani benki. Kisha meza yenye mwembe juu yake, yetu. Akaunganisha vyote kwa mishale, na mshale wa mwisho ukatoka mezani ukarudi dukani.

Mkalimani akafafanua, na miaka iliyofuata nilipopanda kazini niliona makaratasi yenyewe yakisema hivyohivyo. Mkopo ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu moja ilikuja kama vitu vya reli: vyuma, saruji, mashine, vichwa vya treni, mabehewa, na utaalamu wa watu wao. Sehemu nyingine, karibu nusu ya mkopo, ilikuwa ya gharama za hapahapa, mishahara yetu ikiwemo. Hiyo China haikuleta kama fedha. Ilileta bidhaa. Meli ziliteremsha Dar es Salaam baiskeli, vyerehani, karabai, tochi, mabeseni, vitambaa, mablanketi, chupa za chai. Shirika la biashara la taifa, STC, likazipokea na kuzisambaza madukani nchi nzima. Wananchi wakanunua. Shilingi zao zikaingizwa katika akaunti ya reli, na kutoka humo zikaja Mlimba kwenye sanduku lenye askari wawili. Serikali ikabaki na deni la bidhaa zile kwa China, la kulipwa polepole.

Kwa hiyo mama wa Bukoba aliyenunua beseni la maua, ambaye hakuwahi kuiona Mlimba wala kuisikia, ndiye aliyemlipa kijana wa Mahenge aliyebeba zege Mpanga. Na yule kijana, kipande kikishagongwa muhuri, alikwenda dukani akanunua beseni la namna ileile ampelekee mama yake. Mara nyingine niliitambua noti. Niliwahi kuweka alama ndogo ya penseli pembeni mwa noti kadhaa, utundu wa ujana tu, na moja ilinirudia mkononi baada ya miezi kadhaa, imechakaa na kunuka samaki.

Jambo hili ndilo ambalo sijalisikia katika hotuba yoyote. Tunasifu urafiki wa Mao na Nyerere, tunasifu jasho la wachimbaji, na ni haki yao. Lakini reli ile ilijengwa pia na wanunuzi. Hawajachongwa kwenye jiwe lolote, na wengi walikufa bila kujua kwamba walijenga.

Bidhaa zenyewe nazikumbuka kuliko hotuba. Nilipopata likizo ya kwanza nilimletea mama chupa ya chai, ile ndefu ya bati yenye maua mekundu makubwa ubavuni na kizibo cha gome. Kwetu Ubena mwezi wa Juni baridi inakata mfupa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitikisa, akasikia kioo ndani, akaniuliza kama imevunjika. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Usiku akatia chai, akafunga, akailaza kando ya kitanda chake kana kwamba ina mimba. Alfajiri akaamka kabla ya jogoo, akamimina, mvuke ukatoka. Aliita jirani. Jirani akaita mwenzake. Kufika saa mbili asubuhi nyumba imejaa wanawake wa ukoo, "kamwene" kila upande, na chai imekwisha bila mimi kuonja. Nilirudi kazini na orodha ya maagizo na fedha zilizofungwa kwenye kanga, sumni kwa sumni.

Sitaki kuwapamba. Kulikuwa na vitu vilivyokaa madukani hadi vikapauka. Viatu vya turubai vyenye soli ya mpira vilikuja vidogo. Mguu wa mtu aliyekulia kwenye jembe hauingii. Wafanyabiashara waliozoea kuagiza mali kutoka Uingereza walinung'unika kwamba sasa wanalazimishwa kuuza mali ya nchi moja, na walikuwa na hoja, kwa sababu mkataba ulitaka bidhaa kiasi fulani zinunuliwe watu wakizipenda wasizipende. Miaka hiyo ya mwanzo ya 1970 China iliipita Uingereza kwa kutuuzia bidhaa, jambo ambalo mwaka 1961 ungelisema watu wangekupima homa. Hata mavazi yalibadilika. Wakubwa wa Chama walishona suti za kola ya kusimama, watu wakaziita Chuenlai, na kando yake zikapita suti za mikono mifupi zilizoitwa Kaunda. Nadhani ni mradi pekee wa reli ulioacha aina mbili za suti kwa mafundi cherehani.

Mkuu mmoja mstaafu aliwahi kuniambia kwamba mpango ule ulikuwa ujanja wa Wachina wa kutafuta soko. Nilimjibu kwamba mimi nilishika daftari. Nchi maskini kumkopesha mwenzake maskini bila fedha za kigeni kupita mkononi mwa yeyote kati yao, hilo lilihitaji akili, na kama soko lilipatikana humo ndani, sioni dhambi. Wao wenyewe hawakuwa matajiri. Nguo za Bwana Shanga zilikuwa na viraka viwili magotini, vimeshonwa vizuri sana.

Oktoba 1971 kulitokea jambo lililonifundisha kwamba ile michoro ya mishale ilikuwa na mshale mwingine ambao hakuuchora. Usiku wa tarehe 25 huko New York, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuirudishia China kiti chake: 76 waliunga mkono, 35 walipinga, 17 hawakupiga upande wowote. Kwetu ilikuwa kumekucha tarehe 26, mwaka mmoja kamili tangu jiwe la msingi. Habari ilikuja kwa Redio Tanzania. Balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim, kijana asiyefika hata miaka 30, na alionekana akishangilia ukumbini waziwazi. Kambini Wachina hawakuruka wala kupiga kelele. Walikusanyika mbele ya bweni lao, kiongozi wao akasema maneno machache, wakapiga makofi kwa mpigo mmoja, wakaenda kazini. Lakini mchana Bwana Shanga alinijia ofisini bila mkalimani, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa muda mrefu, akasema "Tanzania, Tanzania." Kura za Afrika ndizo zilizowasogeza, na walijua. Marekani nayo haikusahau: miaka 10 baadaye Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilimzuia kwa kura ya turufu tena na tena, na China ikamzuia mpinzani wake Waldheim tena na tena, hadi wote wawili wakakosa.

Sasa mahandaki. Kutoka Mlimba hadi Makambako ni kilomita 157 tu, lakini reli inapanda zaidi ya mita 1,000, na kati ya mahandaki 22 ya njia nzima, 18 yako hapo. Mvua ikinyesha, mlima ulikuwa unateremka wenyewe. Zamu zilipokezana mchana na usiku, na wa zamu ya usiku hawakuweza kuja mezani kwangu, mimi niliwafuata. Nililipa watu kwenye midomo ya mahandaki, sanduku juu ya pipa la mafuta, baruti zikinguruma ndani na vumbi likitoka jeupe. Walitoka wamefanana wote, Mchina na Mbena, weupe kwa vumbi la mawe hadi kope. Nilijua wa kwetu kwa majina tu.

Kuna jina moja niliita na halikuitikiwa. Mnyapara akanong'ona. Jiwe lilikuwa limemwangukia siku mbili kabla. Baba yake alifika wiki iliyofuata, alishuka kwa miguu kutoka milimani upande wa Uchindile. Nilimhesabia mshahara wa mwanawe mpaka siku ya mwisho aliyofanya kazi, kama kanuni ilivyotaka, pamoja na fedha za rambirambi ambazo vikundi vyote viwili, chetu na cha Kichina, vilichanga. Mzee alizikunja ndani ya kipande cha kaniki. Kisha akauliza: hawa wageni wakifa, wanarudishwa kwao? Bwana Shanga aliyekuwa ameketi pembeni aliomba atafsiriwe, halafu akajibu kwamba hapana, wanazikwa hukuhuku. Mzee akamtazama, akampa pole. Wachina zaidi ya 60 walikufa kwa ajili ya reli ile, na makaburi yao yako Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yamepangwa kwa safu kama walivyokuwa wakipanga kila kitu.

Urafiki ule ulikuwa na mipaka yake, na atakayesema tulikula sahani moja kila siku anatia chumvi. Hawakuja kwenye vilabu vya ulanzi. Hawakutembelea nyumba za watu bila ruhusa, na jioni walirudi kambini wakasoma pamoja maandiko ya Mwenyekiti Mao. Kitabu kidogo chekundu kiligawiwa kwa Kiswahili. Wengi walikipenda kwa sababu karatasi yake ilikuwa laini ya kusokotea tumbaku, ingawa hilo hatukumwambia mkalimani. Lakini kazini walifundisha kwa kufanya. Fundi hakukuonyesha kwa kidole. Alishika sururu akapiga mwenyewe, akakupa, akakutazama, akaichukua tena. Vijana kama 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, na nilifanya kazi chini ya baadhi yao waliporudi. Mmoja alirudi anakula kwa vijiti, mkewe akamwambia achague.

Januari 1973 Smith aliufunga mpaka wa Rhodesia na Zambia, na kuanzia hapo hakuna aliyeuliza tena reli ya nini. Mwezi Agosti chuma kikavuka Tunduma. Juni 1975 kilifika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka baharini, kabla ya muda uliopangwa. Tarehe 14 Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa serikali mbili. Bwana Shanga alikwisha kuondoka kabla ya hapo. Siku ya kuagana alinigeuzia fremu ile ya shanga kama alivyokuwa akifanya siku zote, lakini safari hii hakukuwa na jumla ndani yake. Alikuwa ananipa.

Baada ya hapo mambo hayakwenda kama michoro. Vichwa vya treni vya Kichina vilichoka kwenye mlima wa Mpanga, na miaka ya themanini vikaja vingine vya mtambo wa Kimarekani. Mwaka 1979 maporomoko yaliziba njia, na Oktoba mwaka huohuo makomandoo wa Rhodesia wakalipua daraja la mto Chambeshi upande wa Zambia. Reli ilijengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka na haijawahi kufika hapo. Maduka ya taifa nayo, yaliyokuwa yamejaa mabeseni, yalikauka. Baada ya vita vya Kagera mtu alipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, na chupa ya chai ya mama, ambayo ilikwisha kupasuka kioo, ikageuzwa chombo cha kuwekea mbegu za maharage.

Wanaopima reli kwa tani za shaba wanaona hasara. Mimi nilibaki TAZARA hadi kustaafu, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa huku mlimani, na nilipima kwa kitu kingine. Kulikuwa na treni ndogo tuliyoiita kipisi, ikisimama kila stesheni: Mang'ula, Ifakara, Mngeta, Chita, Mlimba, Uchindile, Makambako. Ndani yake walipanda wanawake na mchele wa Kilombero, ndizi, samaki wakavu, kuku vichwa chini, wakipandisha kutoka bondeni mpaka baridini na kurudi na viazi, maharage na vitunguu. Serikali iliwahamishia watu kando ya reli mwaka 1973 na 1974, sehemu ya sababu ikiwa kuilinda dhidi ya hujuma, na watu wale wakaigeuza soko. Yule mama wa Bukoba hakupata kitu hapo, ni kweli. Lakini wa Chita alipata, na nyumba nyingi za bati ninazoziona kati ya Mngeta na Mlimba fedha zake zilianzia kwenye kipisi.

Septemba 2024 Rais Samia na Rais Hichilema walikuwa Beijing pamoja na Rais Xi, na hati ya makubaliano ya kuifufua reli ikasainiwa mbele yao. Mjukuu wangu alinisomea habari hiyo kwenye simu. Ilizungumzia bandari, shaba na ushindani na njia ya Lobito kule Angola ambayo Wamarekani wanaisukuma, mambo yaleyale ya 1967 yamebadilisha viatu tu. Nilimwambia asome tena polepole, nikisikiliza kama kuna mahali wametaja Chita, au Uchindile, au treni ya abiria itakayosimama huko mara ngapi kwa wiki na mzigo wa gunia moja utalipiwa kiasi gani. Alisoma mpaka mwisho. Nikamwambia amwandikie mbunge.